Mahatma Gandhi na Mlango Uliofungwa

Wengi wetu tunamjua Mohandas Karamchand Gandhi kuwa ndiye mzee wa shuka nyeupe aliyewaongoza Wahindi kudai uhuru wao, wakaupata mwaka 1947. Lakini mapambano yake ya kwanza yalikuwa katika bara letu la Afrika, na aliyopambana nayo ni sheria za kuzuia wahamiaji.

Alizaliwa Porbandar, India, tarehe 2 Oktoba, 1869. Alisomea uanasheria London, na mwaka 1893 akaajiriwa na kampuni ya Kihindi iliyokuwa na kesi Afrika Kusini. Njiani alipitia Lamu, Mombasa na Unguja. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja tu, lakini hakuondoka kabisa mpaka mwaka 1914.

Tangu mwaka 1860 walowezi wa Natal walikuwa wakileta vibarua wa Kihindi kulima miwa. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku ya kwanza. Ubaya ulianza walipoliweka chini na kufungua maduka. Desemba 1896 Gandhi alipokuwa akirudi kutoka India, meli mbili za abiria wa Kihindi zilizuiwa nje ya bandari ya Durban zaidi ya wiki tatu, kwa kisingizio cha tauni. Aliposhuka, Januari 1897, umati ulimpiga mpaka mke wa mkuu wa polisi alipomkinga kwa mwavuli wake.

Mwaka huo huo Natal ilitunga sheria ya kuzuia wahamiaji. Haikuwataja Wahindi hata mara moja. Ilimtaka mgeni aandike ombi lake kwa lugha ya Ulaya, na ofisa ndiye aliyeamua kama ameweza. Vibarua wa mkataba waliendelea kuletwa mpaka mwaka 1911, maana mashamba yaliwahitaji. Mwaka 1901 Australia nayo ikaiga hila hiyo, kwa mtihani wa imla ya maneno 50.

Transvaal ikafuata. Kwa sheria ya mwaka 1907, Wahindi walitakiwa kujiandikisha kwa alama za vidole. Gandhi alikataa, akafungwa Januari 1908. Agosti mwaka huo vyeti zaidi ya 2,000 vilichomwa moto Johannesburg. Novemba 1913, baada ya sheria mpya ya uhamiaji, aliwaongoza zaidi ya watu 2,000, wengi wao wachimba makaa waliogoma, wakavuka mpaka wa Transvaal bila kibali.

Mwaka 1914 serikali ilifuta kodi ya paundi 3 iliyowabana vibarua waliomaliza mikataba, ikazitambua na ndoa zao. Huo ulikuwa ushindi. Hata hivyo, mlango wa wahamiaji wapya kutoka India ulibaki umefungwa. Wala Waafrika, waliobebeshwa pasi katika nchi yao wenyewe, hawakuwamo katika madai yake. Hilo nalo lazima lisemwe.

Gandhi aliuawa kwa risasi mjini Delhi tarehe 30 Januari, 1948.

Ndugu zetu mlio madarasani, baadhi yenu kesho mtakuwa mawakili, wabunge na maofisa wa mipakani. Mkiletewa sheria, msisome maneno yake tu. Ulizeni itamzuia nani, na itamwacha nani apite.