Alexander Fleming: Aliyegundua penisilini, kisha akatuonya

Msikilizaji, kabla hujaomba vidonge viwili tu vya rangi mbili pale duka la dawa, soma habari za mtu huyu.

Alexander Fleming alizaliwa mwaka 1881 katika familia ya wakulima karibu na Darvel, Scotland. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka saba. Alihamia London, akawa karani kampuni ya meli, kisha urithi mdogo ukamwezesha kusomea udaktari. Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka Ufaransa, ambako aliona askari walionusurika risasi wakifa kwa vidonda vilivyooza.

Septemba 1928 alirudi kutoka likizo kwenye maabara yake katika hospitali ya St Mary's. Hakuwa mtu wa kupanga vitu, kwa hiyo visahani vya bakteria vilikuwa vimerundikana. Kimoja kilikuwa kimeota ukungu, na bakteria waliokuwa karibu nao walikuwa wamekufa. Ukungu huo ndio uliotoa penisilini.

Kuigeuza iwe dawa kulimshinda. Walioweza ni Howard Florey, Ernst Chain na wenzao wa Oxford. Mwaka 1941 walimtibu polisi mmoja. Dawa ilikuwa adimu kiasi kwamba walichuja mkojo wake ili kuipata tena! Alianza kupata nafuu, dawa ikaisha, akafa.

Mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel. Katika hotuba yake Fleming alitoa mfano wa kubuni. Mume anaumwa koo, anajinunulia penisilini, anatumia kidogo. Vijidudu havifi, vinakuwa sugu. Anamwambukiza mkewe, anayepata nimonia, na penisilini inashindwa kumtibu. Aliyekosea kipimo ni mume, aliyekufa ni mke.

Wengi wetu hudhani mwili ndio unaozoea dawa. Hapana, wanaozoea ni bakteria, nao huhama kutoka mtu hadi mtu. Ndiyo maana vidonge ulivyobakiza si vya kumgawia jirani, na dozi hupangwa na mhudumu wa afya. Mafua ya kawaida hata hayahitaji antibayotiki, kwani husababishwa na virusi.

Fleming alifariki London tarehe 11 Machi 1955. Kufikia wakati huo, hospitali za jiji hilo zilikuwa zimeshakutana na bakteria wa aina ile ile ya kwenye kisahani chake, ambao penisilini haikuwaweza tena.