Kaburi la Nyali na subira ya Dakta Krapf

Yapo maneno machache yanayotamkwa nchini mwetu mara nyingi kama neno subira, na ni machache vilevile yanayofahamika kombo kama hilo. Mwanafunzi anayengoja matokeo ya mtihani wa taifa huambiwa asubiri. Mwalimu aliyehitimu chuoni, akakaa mwaka wa tatu au wa nne bila kuitwa na Tume ya Kuajiri Walimu, huambiwa asubiri, Mungu yupo. Anayetoa ushauri huo huondoka akiwa ameridhika. Anayeachiwa ushauri huo hubaki kizingitini akikodolea macho njia, maana amefundishwa kwamba kumngoja Mungu ni kuketi.

Ninalo kaburi moja ninalotaka kuwakumbusha walimu na wanafunzi mintarafu ya jambo hili. Liko Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa kwa upande wa Kisauni, mahali ambapo mbele yake kuna mnara wa ukumbusho. Wengi hupita karibu na hapo kila siku wakielekea kazini au ufukweni. Aliyezikwa humo ni Bi Rosine Krapf pamoja na mwanawe mchanga, na aliyewazika ni Johann Ludwig Krapf, mtu ambaye vitabu vyetu vya historia humtaja kwa sentensi mbili: kwamba alikuwa mmisionari, na kwamba aliuona Mlima Kenya. Sentensi hizo ni za kweli, ila zimeyaacha yaliyo mazito.

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810 katika kijiji cha Derendingen karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani, katika nyumba ya mkulima. Ujana wake haukuwa wa mstari ulionyooka. Aliingia chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi, akiwa na ari nyingi, kisha akaingiwa na shaka akaondoka, akasomea theolojia Tübingen na kuwa kasisi msaidizi kijijini. Shaka ile ilipomtoka alirudi katika azma yake ya kwanza, na mwaka 1837 Chama cha CMS cha Uingereza kikampeleka Uhabeshi.

Huko ndiko alikopata wazo lililomtawala maisha yake yote. Aliwaona Waoromo, ambao enzi hizo waliitwa Wagalla, akaamini kuwa taifa hilo likiipokea Injili, Afrika ya mashariki yote itafuata. Akaikusudia kazi hiyo kwa moyo wake wote, na milango ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Alifukuzwa Tigre mwaka 1838. Akaenda Shoa, akakaa karibu na mfalme Sahle Selassie kwa muda wa miaka mitatu hivi, kisha mwaka 1842 akatoka kwenda Misri kumwoa Rosine Dietrich, mwanamke ambaye mchumba wake wa kwanza, mmisionari mwenzake Krapf, alifariki kabla ya kufika Afrika. Walipotaka kurudi Shoa, njia ilikuwa imezibwa. Wakajaribu njia nyingine kutokea Massawa. Jangwani, Rosine akajifungua mtoto wa kike kabla ya wakati wake, na mtoto huyo hakuishi. Walimpa jina la Eneba, neno ambalo kwa Kiamhara maana yake ni chozi. Njia ya Tigre nayo ikafungwa kwa mara ya pili.

Mtu mwingine angalirudi kwao, na hakuna ambaye angemlaumu. Krapf aliitazama ramani, akaona kwamba nyumba ambayo mlango wake wa kaskazini umefungwa huenda ikawa na mlango wa kusini. Mnamo Novemba 1843 akaondoka Aden na mkewe kwa jahazi, jahazi likavuja na kujaa maji hata ikabidi waokolewe na chombo kingine. Wakarudi Aden, wakaondoka tena mwezi uo huo. Januari 1844 walifika Mombasa na kupitiliza hadi Unguja, ambako Sayyid Said aliwapokea kwa heshima na kumpa Krapf barua ya kuwaamuru maliwali wake wamsaidie. Kufikia Mei walikuwa wamefanya maskani mjini Mombasa.

Naomba msomaji azitazame tarehe zinazofuata kwa makini. Juni 8, 1844, Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Mohiddin, kadhi wa Mombasa. Mwezi mmoja baadaye homa ikaingia nyumbani, ikamwangusha mume na mke pamoja. Julai 6 Rosine akajifungua binti. Julai 13 akafariki. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa mno, hata kuinuka kitandani kumtazama marehemu ilikuwa taabu. Siku chache tu baadaye mtoto naye akamfuata mamake. Rosine alikuwa ametaka azikwe bara, si kisiwani, ili wapitao njiani walione kaburi na kukumbuka lililowaleta wageni hao. Ndiyo sababu kaburi likawa upande wa Nyali.

Aliyekuja kwa ajili ya Waoromo hakuwa amewafikia. Familia aliyoanza nayo safari ilikuwa imekwisha yote: mtoto mmoja mchangani mwa jangwa, mke na mtoto wa pili katika udongo wa pwani. Katika hali hiyo akawaandikia wakubwa wake London kwamba sasa wanalo kaburi Afrika ya Mashariki, na hiyo ni ishara kuwa kazi imeanza, kwani ushindi wa kanisa hupita juu ya makaburi ya watu wake. Maneno hayo yamerudiwa katika mimbari nyingi tangu wakati huo. Mimi huona kuwa ni rahisi kuyastahi na ni vigumu kuyapenda. Baba wa leo angetaka kwanza alie. Lakini hatuna haki ya kudhani kuwa hakulia, na kilicho dhahiri ni kwamba homa ilipompungukia, alirudi mezani kwenye karatasi zake.

Hapo ndipo maana ya kungoja inapobadilika. Kwa takriban miaka miwili Krapf alikaa Mombasa bila mmisionari mwenziwe. Hakuwa na uwezo wa kuifungua njia ya kwenda kwa Waoromo. Alichoweza ni kusikiliza. Alikusanya maneno ya Kimvita mdomoni mwa watu, akayapanga, akayatafutia kanuni. Aliwatembelea Wamijikenda vijijini mwao na kukusanya maneno yao pia. Mwaka 1850 muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili ulipigwa chapa Tübingen. Waswahili walikuwa wakiiandika lugha yao kwa karne nyingi kwa hati za Kiarabu, na wala hawakumngoja Mzungu awafundishe kuandika. Ila uandishi wa herufi za Kirumi tunaoutumia ubaoni leo, yeye ni miongoni mwa walioupa msingi. Yafaa pia isisahaulike kuwa padri huyo, ambaye maandishi yake kuhusu Uislamu hayakuwa ya upole, aliianza kazi hiyo bega kwa bega na kadhi. Sheikh Ali angeweza kumfungia mlango. Hakumfungia.

Juni 1846 akaja Johannes Rebmann. Agosti 25 mwaka huo wawili hao wakahamia Rabai, kwa idhini ya wazee wa huko, wakipanda kilima huku wote wana homa. Waliofikiri kuwa sasa mavuno yamefika walikosea. Miaka ilipita na waumini wakawa ni wa kuhesabika kwa vidole. Wa kwanza kubatizwa, Mringe, alikuwa kilema maskini aliyebatizwa akiwa karibu na kufa. Kwa hesabu ya chama chenye kutuma fedha na watu kutoka London, hayo hayakuwa matunda ya kutajika.

Habari za milima nitazipita upesi, kwa kuwa ndizo zinazojulikana. Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro Mei 11, 1848. Krapf akauona Mlima Kenya kutokea Kitui Desemba 3, 1849. Mabingwa wa jiografia Ulaya, hasa Cooley wa London, waliwacheka: theluji gani hiyo chini ya ikweta? Hilo nalo likawa jambo la kungoja, na walioona kwa macho walingoja miaka kadhaa ndipo waliokuwa wamekaa kitini wakasadiki.

Isidhaniwe kwamba Krapf alikuwa mtu mtulivu kwa tabia. La hasha. Kichwani mwake mlikuwa na mnyororo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa hadi Gabon, mpango usiowezekana kwa watu wawili wagonjwa. Mwaka 1851 alifuatana na Kivoi, mkuu wa Wakamba, kuelekea mto Tana. Wakavamiwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa, na Krapf akatoroka peke yake nyikani. Alipoufikia mto, kwa kuwa hakuwa na chombo, alijaza maji katika mitutu ya bunduki na katika ala ya darubini. Vichaka vikazibua mitutu njiani, maji yakamwagika. Alikuwa akitembea usiku na kujificha mchana, mpaka akawafikia watu, nao wengine wakamtuhumu kwa kifo cha mwenyeji wao. Ukipima wawili hao, mwenye subira ya kimya ni Rebmann, aliyebaki hapa miaka 29 hata akapofuka. Krapf alikuwa wa haraka, na huenda ndiyo sababu maisha yake yanatufaa zaidi sisi wa haraka. Subira haikuwa kipaji chake. Alilazimika kujifunza, na somo lilimrudia kila alipodhani amelihitimu.

Wala hakuwa mtu asiye na ila. Aliwatazama watu wa pwani na wa bara kwa jicho la Mzungu wa zama zake, na mengi aliyoyaandika juu ya mila zao yanachukiza ukiyasoma sasa. Mwanafunzi anayesoma historia hana budi kuyajua hayo pamoja na yale mengine. Hata hivyo, mtu huyuhuyu aliandika, wakati ambao ukoloni bado haujafika, kwamba kanisa la huku lingehitaji askofu na makasisi Waafrika.

Afya ilimshinda mwaka 1853, akarudi Ujerumani na kukaa Kornthal. Hakupumzika. Mwaka 1862 alikuja tena kwa miezi michache kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe. Mwaka 1867 alichukuliwa kuwa mkalimani wa jeshi la Waingereza lililokwenda Uhabeshi, ugonjwa ukamrudisha. Mbinguni alikuwa akiomba jambo lile lile la tangu ujana, na miguu yake haikupata kulifikia. Basi akalishika kwa njia iliyobaki: katika miaka ya 1870 sehemu za Biblia kwa lugha ya Kioromo, alizozishughulikia yeye kwa msaada wa Mworomo aliyekombolewa utumwani, zilipigwa chapa St. Chrischona karibu na Basel.

Wakati huohuo mambo yalikuwa yanatendeka Kisauni pasipo yeye kuwapo. Mwaka 1875, miaka 31 baada ya mazishi yale, CMS ilinunua ardhi na kuanzisha Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa, mji uliopewa jina la Sir Bartle Frere. Wakaja Waafrika waliosomeshwa Bombay na Nasik, kukawa na shule, karakana, na ile kengele ambayo mpaka leo imewaachia watu jina la Kengeleni. Kutoka hapo hadi kaburini kwa Rosine ni mwendo wa miguu tu.

Krapf aliaga dunia Novemba 26, 1881. Inasimuliwa kwamba alikutwa asubuhi amepiga magoti kando ya kitanda. Mezani aliacha kazi ya miaka mingi, kamusi kubwa ya Kiswahili iliyotoka London mwaka 1882, naye hakuishika ikiwa kitabu. Hata lahaja aliyoitumikia haikupewa cheo: mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika papa hapa Mombasa, uliiteua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita chake kimebaki kwa wenyewe na kwa washairi, na kamusi ile bado hufunguliwa na wataalamu wanaotaka kujua neno fulani lilitamkwaje mjini humu kabla ya reli na kabla ya mabarabara.

Na mwaka 1885, Krapf akiwa kaburini mwaka wa nne, Askofu James Hannington aliwawekea mikono William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi huko Frere Town. Wote wawili waliwahi kuwa watumwa utotoni. Jones alifuatana na askofu huyo safari ya kwenda Buganda, na Hannington alipouawa Oktoba mwaka huo, ni Jones aliyeuongoza msafara uliosalia, kwa mguu, mpaka Rabai.