Profesa Odhiambo: Msomi aliyechungua siri za nzige

MKULIMA wa mahindi wa Moi's Bridge, mpakani mwa Uasin Gishu na Trans Nzoia, hahitaji kuelezwa hasara ya viwavi wanaotoboa mabua. Profesa Thomas Risley Odhiambo aliutumia uhai wake kuwatafutia wakulima kama huyo silaha isiyo sumu pekee.

Msomi huyo alizaliwa Mombasa mwaka wa 1931. Alisomea Maseno na Makerere kabla ya kuelekea Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza.

Huko alifunzwa na Vincent Wigglesworth, mtaalamu aliyekuwa amebainisha kwamba ubongo wa mdudu hutoa homoni inayouamrisha mwili kujivua gamba. Leo inafahamika kuwa homoni hiyo ni protini ndogo. Seli za neva huitengeneza na kuimwaga katika damu, nayo hupeleka amri kwenye tezi iliyo mbali, mithili ya tarishi.

Odhiambo alimchagua nzige wa jangwani. Alichunguza tezi ndogo iliyo nyuma ya ubongo, ambayo nayo hupokea amri kutoka kwa seli za aina hiyo. Katika matokeo aliyochapisha mwaka wa 1966, nzige dume aliyeondolewa tezi hiyo alilimbikiza mafuta mwilini na wepesi wake ukapungua.

Funzo lilikuwa wazi: anayetaka kumshinda mdudu sharti ajue kwanza mwili wake unavyoendeshwa.

Aliporejea nyumbani, hakuridhika kuona maarifa hayo yakisalia katika maabara za Ulaya. Mwaka wa 1970 aliasisi jijini Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, akakiongoza hadi 1994. Aidha, alikuwa miongoni mwa waasisi wa Akademia ya Sayansi ya Afrika mwaka wa 1985.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, wataalamu wa ICIPE na washirika wao walipeleka mbinu mpya katika mashamba ya Trans Nzoia na Suba. Mmea wa desmodiamu ukipandwa kati ya mistari ya mahindi, harufu yake huwafukuza nondo wanaozaa viwavi hao, huku nyasi za nepia kandokando ya shamba zikiwavuta.

Profesa Odhiambo aliaga dunia Mei 2003, akiwa na umri wa miaka 72. Mkulima anayeokoa mahindi yake kwa mbinu hiyo anavuna matunda ya kituo alichokiasisi.