Conan Doyle: Daktari aliyeshindwa kumuua mpelelezi wake

Wengi wetu tuliokulia kwenye riwaya za Kiswahili tunamjua Bwana Msa, mpelelezi wa hayati Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, mwenye kiko chake mdomoni na swahiba wake Najum ubavuni. Wahakiki wa fasihi wamekwisha kuonyesha kwamba Bwana Msa ana babu yake huko London, naye ni Sherlock Holmes. Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyemtunga babu huyo, Sir Arthur Conan Doyle, pamoja na jibu la swali wanaloulizana wengi wanaotaka kuvisoma visa vya Holmes: tuanze na kipi, na tufuate mpangilio gani?

Jibu letu tunalitoa mapema. Visomwe kwa mfuatano vilivyochapishwa. Wapo wanaopenda kuvipanga kwa mfuatano wa matukio, na hapo wanaanza na kisa cha "The Gloria Scott", ambacho ndicho upelelezi wa kwanza wa Holmes ingawa kilichapishwa mwaka 1893, baada ya visa vingine vingi. Lakini mwandishi mwenyewe hakuwa makini na tarehe. Katika kitabu cha kwanza Dk. Watson, rafiki wa Holmes, ana jeraha la vita begani. Katika cha pili jeraha limehamia mguuni. Ukivisoma kama vilivyotoka, hata makosa hayo yanaeleweka, maana utakuwa unamfuata Doyle mwenyewe, shida na raha zake.

Doyle alizaliwa tarehe 22 Mei, 1859 mjini Edinburgh, Uskoti. Baba yake, Charles, alikuwa mchoraji aliyeshindwa na pombe, na miaka yake ya mwisho aliimaliza katika hospitali za wagonjwa wa akili. Mama yake, Mary, ndiye aliyeibeba familia, na ndiye aliyemzoesha mwanawe hadithi. Kijana alisomeshwa kwa Wajesuiti, kisha mwaka 1876 akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea udaktari. Huko alikutana na mwalimu wake, Dk. Joseph Bell, aliyekuwa na kipaji cha kumtazama mgonjwa anapoingia tu, akasema kazi yake na anakotoka kabla hajafungua mdomo. Huyo ndiye aliyemzaa Holmes.

Mwaka 1880, kabla ya kumaliza masomo, Doyle alikwenda bahari ya barafu akiwa daktari wa meli ya kuvulia nyangumi. Mwaka uliofuata, akiwa na shahada yake, alisafiri na meli nyingine hadi Afrika ya Magharibi, ambako aliugua homa kali. Aliporudi alifungua zahanati Southsea, Portsmouth, mwaka 1882. Wagonjwa walikuwa wachache, na ndipo akapata nafasi ya kuandika.

"A Study in Scarlet", kisa cha kwanza cha Holmes, kilichapishwa mwaka 1887. Malipo yake yalikuwa paundi 25 kwa haki zote, wala hakupata zaidi. Cha pili, "The Sign of Four", kilitoka mwaka 1890 kwa jarida la Kimarekani. Mwaka 1891 alihamia London na kufungua chumba cha matibabu ya macho. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyevuka kizingiti. Kuanzia Julai mwaka huohuo visa vifupi vya Holmes vikaanza kutoka katika jarida la Strand, na jina lake likavuma. Udaktari akauacha.

Hapa ndipo kwenye ajabu. Mtu aliyeinuliwa na Holmes alimchoka Holmes mapema mno. Fahari yake ilikuwa riwaya za historia, kama "The White Company" ya mwaka 1891, na aliona visa vya upelelezi vinamla muda. Mwaka 1893 ulikuwa mzito kwake: baba alifariki na mkewe, Louisa, akagundulika ana kifua kikuu. Desemba mwaka huo, katika kisa cha "The Final Problem", akamtumbukiza Holmes kwenye maporomoko ya Reichenbach huko Uswisi. Wasomaji walihamaki, wengine wakaacha kulinunua jarida.

Kwa karibu miaka minane hakukuwa na Holmes. Doyle alijitolea kama daktari katika vita vya Makaburu huko Bloemfontein mwaka 1900, kisha akaandika kuitetea Uingereza kuhusu vita hivyo, na mwaka 1902 akapewa heshima ya Sir. Holmes alirejea mwaka 1901 katika "The Hound of the Baskervilles", lakini kwa hila: kisa kilielezwa kuwa kilitokea kabla ya kufa kwake. Mwaka 1903, baada ya kuahidiwa fedha nyingi, Doyle akasalimu amri na kumfufua kabisa. Anayeanza na vitabu vya baadaye hataipata hamu waliyokuwa nayo wasomaji wa zama hizo.

Lakini sisi tunaoishi ughaibuni tunalo la kuzingatia zaidi katika maisha ya mtu huyu. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, hafichiki kundini. Mwaka 1903 wakili kijana, George Edalji, alifungwa miaka saba kwa tuhuma za kumjeruhi farasi usiku kijijini Great Wyrley. Baba yake alikuwa kasisi wa Kianglikana, Mparsi mwenye asili ya Bombay, na familia ilikuwa imesumbuliwa miaka mingi kwa barua za matusi. Aliachiwa baada ya miaka mitatu bila kusafishwa jina. Doyle alipokutana naye alimkuta analisoma gazeti akiwa amelibandika karibu na uso. Daktari wa macho akajua: mtu asiyeona mbali hivi hawezi kuvuka mashamba gizani akamvizia mnyama. Januari 1907 aliandika makala katika Daily Telegraph, na mwaka huohuo Edalji akasamehewa, ingawa hakulipwa fidia. Kesi hiyo ni miongoni mwa zilizosukuma kuundwa kwa Mahakama ya Rufaa ya Jinai Uingereza mwaka 1907.

Wa pili ni Oscar Slater, Myahudi wa Ujerumani aliyehukumiwa kifo mwaka 1909 kwa mauaji ya bibi kizee mjini Glasgow. Adhabu ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha siku mbili kabla ya kunyongwa. Doyle hakumpenda mtu huyo wala mwenendo wake, lakini aliusoma ushahidi akauona haushiki. Alichapisha kijitabu mwaka 1912 na hakuchoka. Slater alitoka mwaka 1927 baada ya miaka zaidi ya 18, na hukumu ikafutwa mwaka 1928.

Ndugu zetu wa Kongo nao wanamhusu. Mwaka 1909 alitoa kitabu "The Crime of the Congo", akifichua jinsi watu walivyokatwa mikono na kuuawa kwa ajili ya mpira chini ya Mfalme Leopold wa Pili. Hakuwa mpinga ukoloni. Himaya ya kwao aliitetea. Lakini dhuluma ile hakuinyamazia.

Mwanawe, Kingsley, alijeruhiwa vitani Somme na kufariki kwa kichomi mwaka 1918, na ndugu yake, Innes, akafuata mwaka 1919. Doyle, ambaye tayari alikuwa ameshika imani ya kuzungumza na mizimu, akaihubiri dunia nzima. Aliamini hata picha za vibwengo zilizopigwa na wasichana wawili huko Cottingley, picha ambazo baadaye wenyewe walikiri walizighushi. Ziara hizo za mahubiri zilimfikisha Afrika Kusini, Rhodesia na Kenya miaka ya 1928 na 1929. Alifariki tarehe 7 Julai, 1930 nyumbani kwake Crowborough, akiwa na umri wa miaka 71.

Kwa anayetaka kuanza, vitabu ni tisa: riwaya nne na mikusanyo mitano yenye visa 56. Anza na "A Study in Scarlet", kisha "The Sign of Four", "The Adventures", "The Memoirs", "The Hound of the Baskervilles", "The Return", "The Valley of Fear", "His Last Bow", na umalizie na "The Case-Book" ya mwaka 1927. Haki za uandishi zimekwisha muda Uingereza tangu mwisho wa mwaka 2000, na Marekani visa vya mwisho viliachiwa tarehe 1 Januari, 2023, hivyo vyote vinapatikana bure kwenye intaneti. Na ukifika kwenye maporomoko ya Reichenbach, usikimbilie kitabu kinachofuata. Ngoja kidogo. Wenzako walingoja miaka.