Glenn Curtiss na Ndege ya Majini

Laza mfuniko bapa wa sufuria juu ya maji yaliyo katika karai, kisha uuvute juu taratibu. Utahisi kwamba maji yanaushikilia usiondoke. Tatizo hilo ndilo lililomsumbua Glenn Curtiss.

Curtiss alizaliwa Marekani tarehe 21 Mei 1878, katika mji mdogo wa Hammondsport, kando ya ziwa. Hakusoma shule kwa miaka mingi. Alitengeneza baiskeli, halafu pikipiki, na baadaye ndege. Mwaka 1908 alifunga chini ya ndege yake vyelezo viwili mfano wa mitumbwi. Ndege ilikimbia juu ya ziwa, lakini haikupaa. Curtiss hakukata tamaa. Tarehe 26 Januari 1911, huko San Diego, ndege yake nyingine ilipaa kutoka majini, ikatua majini salama.

Mwaka 1912 alitengeneza ndege yenye tumbo kama mashua. Nayo ilikataa kuachana na maji. Curtiss alichunguza jinsi maji yalivyopita chini yake, akapigilia vipande vya mbao ili tumbo liwe na ngazi moja. Maji yalipofika kwenye ngazi hiyo yaliachana na tumbo, hewa ikaingia, na ndege ikapaa.

Mwaka 1914 ndege yake kubwa, America, ilizamisha pua kila injini zilipoongezwa nguvu. Pua ikizama katika kasi, ndege huweza kupinda ghafla au kupinduka. Kwa hiyo sehemu ya mbele ya tumbo ilipanuliwa.

Kumbuka pia kwamba majini ndege haiwezi kufunga breki. Ikienda polepole, usukani wa mkiani haupati upepo wa kutosha, na upepo wa ubavuni huigeuza. Rubani asipoiwahi, huenda ikagonga mwamba au ukingo.

Novemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ndege ya majini ya Curtiss iliigundua manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha katika delta ya Mto Rufiji. Mto huo hupokea maji yatokayo hata nyanda za Njombe.

Curtiss alifariki tarehe 23 Julai 1930. Ngazi ya namna ile ingali ikiwekwa chini ya ndege za majini.

Sasa inua tena mfuniko wako, lakini anzia upande mmoja ili hewa ipite chini yake. Je, umeona tofauti gani? Eleza sababu yake.