Padri Ippolito Desideri katika nchi ya Tibeti

Zamani watu wa Ulaya walisikia kwamba ng'ambo ya milima mirefu ya Asia wako Wakristu waliosahauliwa. Mwaka 1624 Padri António de Andrade, Myezuiti, alivuka milima hiyo kuwatafuta, akawakuta wafuasi wa Buda. Hata hivyo wako waliozidi kudhani kwamba dini ile ni Ukristu ulioharibika.

Ippolito Desideri alizaliwa mwaka 1684 huko Pistoia, Italia, akaingia Shirika la Yezu mwaka 1700. Tarehe 18 Machi 1716, baada ya safari ndefu katika theluji, alifika Lhasa, mji wa Tibeti uliojengwa juu kuliko kilele cha Nyiragongo. Mwenzake, Padri Manoel Freyre, alirudi upesi Bara Hindi, yeye akabaki.

Mfalme Lhazang Khan alimpokea vema. Januari 1717 padri alimtolea kitabu alichokitunga kwa Kitibeti kueleza imani. Mfalme akamshauri asome kwanza vitabu vya lama, yaani walimu wa dini ile, ndipo abishane nao. Lilikuwa shauri gumu, tena la haki. Desideri akaingia Sera, nyumba kubwa ya watawa wao, akiruhusiwa kutolea Misa humo. Mchana kutwa alisoma na kusikiliza mabishano yao. Akatambua kwamba wanafundisha huruma na subira kiasi cha kumtia haya Mkristu mlegevu. Lakini hawamkiri Mungu Muumba, nao husema kwamba afaye huzaliwa tena, hata katika mwili wa mnyama. Kwa hiyo hakuwaita Wakristu waliopotea, ingawa neno hilo lingewapendeza wengi kwao Ulaya. Hakuona alama yoyote ya Injili kufika kwao zamani. Ubani na kanzu vyaweza kufanana, na imani zisiwe ndugu.

Desemba 1717 Wazungari, watu wa jamii ya Wamongolia, waliuteka mji wakamwua mfalme. Desideri akakimbilia Dakpo, akaendelea kuandika. Mwaka 1721 ikamfikia amri ya Roma: Tibeti imekabidhiwa Wakapusini, naye aondoke. Akatii. Alifariki Roma mwaka 1733, kitabu chake juu ya Tibeti hakijapigwa chapa. Maandiko yake ya Kitibeti yalingoja zaidi ya miaka 250. Kuanzia mwaka 1981 yalitolewa kwa Kiitalia na Padri Giuseppe Toscano, Msaveri, wa shirika lile lile lililoleta mapadri Kivu mwaka 1958.