Sakawa wa Kitutu, Mtabiri Asiye na Kaburi

Katika nchi ya Kitutu, iliko Mosocho, mzee akifa huzikwa nyumbani pake, na kaburi huwaonyesha wajukuu asili yao. Lakini Sakawa, mtabiri mashuhuri wa Wakisii, hana kaburi lijulikanalo.

Yasimuliwa kwamba kabla Mzungu hajafika, Sakawa alikwenda Getembe, akachomeka vigingi ardhini kuonyesha patakaposimama hospitali, polisi na ofisi. Mnamo 1902 hivi akatoweka, na wengi wakakataa kusadiki kwamba amekufa. Mwaka 1907 Waingereza wakajenga boma lao papo hapo Getembe, ndipo ulipo mji wa Kisii.

Basi utabiri ukapata shahidi. Waliolemewa na kodi na kazi za shuruti wakamngoja arudi awaondoe wageni. Tumaini hilo likaungana na dini ya Mumbo, hata mwaka 1921 serikali ikawakamata viongozi wake na kuwahamishia Lamu, huku kwetu pwani.

Aliye hai huhamishwa, msomaji. Aliyetoweka bila kaburi, serikali ingemfunga gereza gani?